Ushauri kwa Mpenzi wa Kandanda Anayekwenda Kutazama Besiboli London

Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilileta mechi zake za msimu jijini London mwaka 2019, ikarudi 2023 na 2024, na kwa sisi tunaoishi Uingereza tuliolelewa na kandanda, hiyo ilikuwa nafasi nadra ya kuuona mchezo huu bila kuvuka Atlantiki. Ndugu na marafiki huniuliza kama inafaa kulipa nauli na tiketi. Inafaa, lakini usiende ukitarajia joto la Simba na Yanga. Matokeo huhesabika kikamilifu kwenye msimamo, ila kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo kufungwa siku moja hakumlizi mtu.

Kiti ndicho cha kufikiria zaidi. London Stadium ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, si kwa besiboli, na eneo lililo nje ya mistari ni pana mno, hivyo viti vya mbele vyenye bei kubwa haviko karibu na mpigaji, yule anayeupiga mpira kwa gongo, kama ramani ya tiketi inavyokuonyesha. Mimi huchagua viti vya juu nyuma ya mpigaji, kwa kuwa kutoka hapo uwanja wote unaonekana, wakiwemo walinzi wa mbali wanaohama kabla ya kila mrusho. Wageni hushangilia kila mpira unaopaa. Wewe usiufuate mpira, bali mtazame mlinzi: akitembea taratibu, ataudaka, akigeuka na kukimbilia uzio, hapo simama, maana huenda mpira ukauvuka. Na mpira ukiangukia jukwaani kwenu, ni wako, haurudishwi.

Mechi ya kwanza ya 2019, ambayo Yankees waliishinda Red Sox 17–13, isiwe kipimo chako. Uzio wa katikati ulikuwa umbali wa futi 385 tu kutoka kwa mpigaji, ilhali viwanja vingi vya Marekani hufikia futi 400 hivi, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuuvusha mpira na kupata alama. Kipindi cha kwanza pekee kilikaribia saa nzima na kuisha 6–6, na warushaji wote wawili walioanza, Masahiro Tanaka na Rick Porcello, waliondolewa kabla hakijamalizika. Mechi nzima ilichukua saa nne na dakika 42. Tangu 2023 mrushaji hupewa sekunde 15 kurusha ikiwa vituo, yaani sehemu wanazokimbilia wachezaji wa timu inayopiga, ni vitupu, kwa hiyo mechi nyingi sasa hazifiki hata saa tatu, na mzazi mwenye watoto anaweza kupanga safari yake bila wasiwasi.

Jambo ambalo mtu wa kandanda huchelewa kulizoea ni kwamba hakuna dakika ya 90. Timu iliyo mbele haiwezi kupoteza muda, kwani ni lazima iwatoe wapinzani mmoja mmoja hadi wa mwisho, kwa hiyo usiondoke mapema. Tarehe 9 Juni 2024, Mets wakiongoza 6–5 katika kipindi cha tisa, ambacho ni cha mwisho, Phillies walikuwa na wachezaji kwenye vituo vyote vitatu. Mpigaji wao Nick Castellanos aliugusa mpira ukaviringika hatua chache tu. Luis Torrens wa Mets, mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, akauokota, akakanyaga kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akaurusha kituo cha kwanza huku akianguka, na wapinzani wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja, mechi ikaishia hapo. Waliotangulia kituo cha Stratford, karibu na uwanja, kuwahi treni hawakuliona hilo.