Duara Linalotoka Kama Yai

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikijenga nyumbani, kwa kujiburudisha tu, mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kukata mbao. Fremu ni ya plaiwudi ya milimita 18, daraja linalobeba kisu lina urefu wa sentimita 80, na kila mhimili, yaani kila mwelekeo wa mwendo, huendeshwa na mota ya hatua (mota inayozunguka kwa hatua ndogo zilizo sawa) inayozungusha skrubu ndefu. Mashine inatii amri zote za kompyuta, lakini nikikata duara hutoka kama yai, na kingo za mbao ngumu huwa na mawimbi, hasa ninapokata kina cha milimita 6 kwa mkupuo mmoja. Rafiki zangu wananishauri ninunue mota kubwa zaidi. Je, niufuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue mota. Mota iliyozidiwa nguvu hupoteza hatua, na kwa kuwa mashine nyingi za kujitengenezea hazina kifaa cha kuiarifu kompyuta kama kisu kimefika kilikotumwa, kosa hilo hubaki hadi mwisho wa kazi, na kila kinachokatwa baadaye huwa kimehama kwa kiasi kilekile. Hukutaja jambo kama hilo. Ulichoeleza ni kasoro mbili tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Kata duara lingine kwenye mbao laini, kwa kina kidogo, kisha lipime kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. Likiwa refu kwa kufuata mhimili mmoja, hesabu ya hatua za mota kwa kila milimita ya mhimili huo ina kosa. Mota ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa hatua 200. Kiendeshi, yaani kifaa cha umeme kinachoiendesha mota, kikigawa kila hatua mara 16 hupatikana hatua ndogo 3200, na skrubu inayosogeza nati milimita 8 kwa mzunguko itahitaji hatua 400 kwa kila milimita. Likiwa limerefuka kuelekea kona, mihimili haijakaa kwa pembe mraba: toboa matundu manne kwenye kona za mraba, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, na urekebishe daraja mpaka vipimo viwili vilingane. Likiwa na sehemu nne zilizobapa, pale mhimili unapogeuza mwendo, tatizo ni nafasi iliyopo kati ya meno ya nati na ya skrubu. Zipo programu zinazofidia nafasi hiyo kwa hesabu, lakini mimi sizipendekezi, kwa sababu hesabu haiwezi kuzuia kisu kulivuta daraja ndani ya nafasi hiyohiyo. Weka nati mbili zinazosukumwa na springi.

Mawimbi ndiyo yanayonishughulisha zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wajenzi wengi hupoteza fedha zao kwenye vifaa vya umeme ilhali kinachotikisika ni fremu. Boriti iliyoshikiliwa ncha mbili hupinda kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu wake, yaani urefu mara urefu mara urefu. Kwa hiyo ukilipunguza daraja lako kutoka sentimita 80 hadi 60, kupinda kutashuka chini ya nusu, bila kununua chochote. Unene nao hufuata kanuni hiyo kinyume chake: ukiongezeka, ugumu huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mbao mbili za milimita 18 zilizowekwa pamoja bila gundi hupata ugumu mara mbili tu wa ubao mmoja, lakini zikigundishwa vizuri uso kwa uso zikawa kitu kimoja, ugumu hufika mara nane. Gundi ya mbao na vibanio vya kutosha vitakufaa kuliko mota yoyote. Kagua pia reli: fimbo ya chuma iliyoshikwa ncha tu hupinda katikati, ilhali reli iliyolazwa juu ya kitako chake urefu mzima haina udhaifu huo. Wakati ukiendelea na marekebisho hayo, kata kwa mikupuo midogo isiyozidi nusu ya kipenyo cha kisu.

SWALI: Kazi nyingine huchukua saa tano. Naweza kuiacha mashine ikikata mwenyewe nikaenda kulala?

JIBU: Hapana, hata kama imekata bila kosa mara mia. Mhimili ukikwama na kisu kikaendelea kuzunguka mahali pamoja, mbao huungua, na vumbi lililokusanyika kando yake hushika moto upesi. Swichi ya dharura iwe mahali pa kufikiwa kwa mkono mmoja, tena ikate umeme wa mota ya kisu pamoja na ule wa mihimili, kwa kuwa nimeona mashine ambazo swichi yake husimamisha mihimili huku kisu kikiendelea kuunguruma. Kazi ya saa tano igawe katika vipande ambavyo unaweza kukaa navyo.