Koti la Dukani Likikataa Kukaa Mwilini

Alhamisi saa mbili usiku mdogo wangu aliingia sebuleni kwetu Tabata akiwa amevaa koti jipya, akasimama mbele ya feni kimya. Harusi Jumamosi, na yeye ndiye mpambe wa bwana harusi. Koti la bluu iliyokoza, kitambaa kizuri, kalinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000. Mikono ilimfunika nusu ya vidole. Kiunoni lilisimama mbali na mwili kama gunia. "Dada," akaniambia, "si watu watadhani nimeazima la baba?"

Fundi wa kwanza aliyemkimbilia alimwambia aliache, alifuate Jumatatu. Wa pili alikubali la kesho yake, ila alitaka kulibana kwa kupitisha mshono juu ya kitambaa na bitana, ile nguo laini ya ndani, kwa pamoja. Nikamwambia asithubutu. Koti langu la kazini liliwahi kubanwa hivyo, na kila nilipoinua mkono bitana ilivuta kitambaa cha nje, mgongo mzima ukajaa makunyanzi. Sikulivaa tena. Basi tukaamua kazi ifanyike hapo hapo nyumbani, kwenye cherehani ya mama ya kukanyaga.

Nimeshapunguza makoti kadhaa tangu nianze, yangu na ya ndugu, na ninachotaka kukwambia kwa uzito kuliko yote ni hiki: tazama mabega kabla hujagusa mkasi. Vaa koti juu ya shati utakalolivalia, funga kifungo, shusha mikono. Mshono wa bega unatakiwa ukome pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukipitiliza kidogo si neno. Ukining'inia nje kabisa, na chini yake pakaingia kishimo ambacho kidole kinazama, rudisha dukani hata muuzaji akinuna. Ndani ya bega la koti kuna pedi, kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi na moto, na kichwa cha mkono, yaani sehemu yake ya juu inayoungana na bega, kimekusanywa taratibu ili kizunguke bega bila mkunjo. Kulifumua na kulirudisha ni kazi ya fundi mbobezi wa suti, na malipo yake yanaweza kukaribia bei ya koti lenyewe. Kiuno, mikono na vifungo vinarekebishika mezani kwako. Kwa hiyo ukiwa Kariakoo au unachambua mitumba pale Karume, nunua bega. Mengine yatafuata.

Soma na lebo pia. Namba kama 40 ni inchi za kifua. Namba kama 50 ni nusu ya kifua kwa sentimita, na hizo mbili ni saizi moja. Ndiyo maana mtu anavaa 50 ya duka moja, anaingia duka la pili anaambiwa yeye ni 40, anadhani anadanganywa. Herufi R ni urefu wa kawaida, S mfupi, L mrefu. La mdogo wangu lilikuwa 40L. Kifua chake ni inchi 38 na si mrefu. Mabega yalikubali kwa bahati tu, maana ana mabega mapana.

Vifaa havikuwa vingi: futi ya kamba, chaki ya fundi, pini, wembe mpya, uzi wa bluu na uzi mweupe, sindano ya mkono, na sindano namba 14 kwenye cherehani. Kwa bitana peke yake badili uweke namba 11, kwa sababu sindano nene huacha vitundu kwenye kitambaa laini. Kabla ya kuwasha pasi nilichomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya upindo nikazichoma kwa kiberiti juu ya sahani. Zikajikunja zikawa kashanga kagumu keusi. Hiyo ni polista, na polista ikikutana na pasi kali inang'aa moja kwa moja. Ingekuwa sufu ungesikia harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake yangesagika vidoleni.

Sasa hapa ndipo wengi huogopa: utafikaje ndani bila kuharibu bitana? Mlango upo, kiwanda chenyewe kimeuacha. Geuza mkono mmoja ndani nje, kisha pitisha kidole taratibu kwenye mshono wa bitana, kati ya kiwiko na kwapa. Kwingine kote mshono umefichika. Lakini kwenye mkono mmojawapo, mara nyingi wa kushoto, utakuta kipande cha kama sentimita 20 ambacho kingo zake mbili zimebanwa pamoja na kushonwa kwa juu, uzi unaonekana wazi kama njia ya sisimizi. Koti la kiwandani hushonwa likiwa limegeuzwa, kisha huvutwa lote kupitia tundu hilo, na tundu hufungwa mwisho kabisa. Fumua hapo tu kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, bila haraka. Ingiza mkono, shika mgongo wa koti kwa ndani, vuta. Koti zima litatoka kwenye tundu lile, na utaona kila kitu: mishono, kitambaa kigumu cha kifuani, mifuko ikining'inia. Mara ya kwanza nilipoliona koti hivyo nilikaa nalo mapajani muda mrefu, nikifuata tu mishono yake kwa kidole.

Kiuno nilikuwa nimekipima kabla ya kugeuza, mwenye koti akiwa amelivaa. Nilibana kwa pini mpaka koti lilipofuata mwili, kisha nikaingiza ngumi yangu kati ya kifungo na tumbo lake. Ngumi ikipita bila kulazimisha, inatosha. Kifungo kikianza kuvuta mikunjo miwili iliyokatana, umebana mno, legeza. Kwake ziada ilikuwa sentimita 6. Usizitoe zote sehemu moja. Niligawa kwenye mishono mitatu: wa katikati ya mgongo, na ule wa ubavuni ulio nyuma ya mfuko, kulia na kushoto. Kila mshono uliingia ndani sentimita 1 kila upande. Ukizitoa zote ubavuni, mifuko inarudi nyuma na koti linapoteza sura, hata asiyejua kushona ataona kuna kitu hakiko sawa. Ziada ikizidi hapo sana, tafuta koti jingine.

Mstari wa chaki unaanzia karibu na usawa wa kwapa, unaachana na mshono wa zamani polepole, unafika kina chake kiunoni, kisha unarudi taratibu mpaka unakutana na mshono wa zamani kabla ya mpasuo wa chini. Uchore kwa mkono mwepesi. Kisha piga bandi, mshono wa muda wa mkono. Ndugu yangu, usiruke bandi! Uzi mweupe, hatua ndefu za sentimita moja na nusu, juu ya chaki. Geuza koti, mvalishe mwenyewe, mwambie aketi, anyooshe mkono kama anayeshika bomba kwenye daladala, amkumbatie mtu. Kwetu bandi ya kwanza ilikuwa imebana upande wa kulia, kwa sababu bega lake la kulia limeshuka kidogo na koti lote linalalia huko. Dakika 5 tukaifumua tukarudia. Ningekuwa nimeshona na kukata, harusi ingemkuta na shati tu.

Ulipofika wakati wa kushona, Ijumaa jioni, umeme ukakatika. Cherehani ya kukanyaga haina habari na umeme. Mdogo wangu alinimulikia kwa simu, nikashona mishono yote mitatu. Mshono wa zamani niliufumua baada ya mpya kukamilika, na nguo iliyobaki ndani sikuikata. Mtu hunenepa, na koti lenye akiba linaweza kufunguliwa tena. Ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisichanuke, haihitajiki, bitana itafunika kila kitu. Bitana yenyewe niliipunguza kidogo kuliko kitambaa cha nje, ibaki na nafasi ya kupumua.

Mikono inataka utulivu zaidi. Pima yote miwili, mmoja mmoja, mikono ikiwa imening'inia na macho yakitazama mbele. Akiinamisha kichwa kutazama unachofanya, bega linasogea na kipimo kinakudanganya. Mkono wa koti uishie pale kiganja kinapoanzia, chini ya dole gumba, na shati lichungulie kama sentimita 1. Kabla ya kuamua, angalia vifungo vya mkononi. Kama vimeshikizwa tu juu ya kitambaa, vitoe na utavirudisha juu zaidi. Kama kuna matundu ya kweli yaliyokatwa, huwezi kuyahamisha. Hapo mkono hufupishwa kutokea begani, na begani tumeshasema si kwetu. Vyake vilikuwa vya kushikizwa. Wa kulia ulipungua sentimita 2, wa kushoto 2 na nusu.

Fumua bitana kwenye upindo, kunja upindo mpya, na bakiza kitambaa cha kama sentimita 4 kwa ndani. Upindo mwembamba hauna uzito, mkono unakuwa unaruka ruka. Kosa lililowahi kuniuma ni la bitana. Kwenye koti langu la kahawia niliikata ikalingana kabisa na kitambaa, nikaishona, nikaridhika. Nilipolivaa, mikono yote miwili ilijikunja kwa ndani kama jani lililokauka, maana bitana ilikuwa fupi na inavuta. Hakukuwa na pa kurudishia. Nililigawa likiwa hivyo hivyo, na bado nalikumbuka, lilikuwa zawadi. Bitana inatakiwa iwe ndefu kiasi cha kujikunja yenyewe mara moja juu ya mshono wake, mkunjo wa kama sentimita 1 ambao ukiuvuta unafunguka na ukiuachia unarudi. Mkunjo huo ndio unaoruhusu mkono uinuke bila koti kulalamika. Upindo niliushika kwa mkono, sindano ikichota uzi mmoja tu wa kitambaa ili nje kusionekane kitu.

Umeme ulirudi saa nne kasoro. Pasi ndiyo nusu ya kazi hii, na wanaoiacha ndio ambao makoti yao huonekana yameguswa nyumbani. Nilitumia kanga kuukuu, iliyofuliwa hadi haitoi rangi, nikailoweka na kuikamua, nikaitandaza juu ya mshono, pasi ya moto wa wastani. Unakandamiza, unainua, unasogea. Usisugue. Ndani ya mkono niliingiza mti wa kusukumia chapati uliozungushiwa taulo, ili mkunjo usijichore upande wa pili. Alama ya upindo wa zamani ilikataa kutoka mpaka nilipotia siki kidogo kwenye maji, jambo la kujaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kisha koti likae kwenye hanga mpaka lipoe. Kwa joto la Dar na unyevu wake nililiachia feni usiku kucha.

Asubuhi nilifunga tundu la kwenye bitana, nikarudisha vifungo, nikakata ule uzi wenye umbo la X unaofunga mpasuo wa nyuma. Naukuta kwa watu maharusini na makanisani, haujakatwa, na lebo ya kampuni bado imeshonwa juu ya mkono. Vyote viwili ni vya kutolewa kabla ya kuvaa. Mifuko ya nje nayo hufungwa kwa uzi mwepesi. Hiyo unaweza kuiacha, maana mfuko usiojazwa simu na funguo hautanuki.

Alilivaa saa sita mchana, mama akamzunguka mara mbili, akavuta kola kidogo, akasema, "Sasa hili ni lako."

Vipande vya bitana nilivyokata mikononi nilivitia kwenye bahasha nikaandika "koti la bluu". Miezi minne baadaye alinasa bitana kwenye kitasa cha mlango wa ofisini, ikachanika karibu na mfuko wa ndani. Bahasha ilikuwa bado kwenye droo ya cherehani.