Niuze ploti ya Kamulu binti asomee biashara Marekani?

SWALI

Mama, salamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light Industries. Binti yangu Kendi ana miaka 21. Alishinda grini kadi kwa bahati nasibu, akaenda Dallas kwa shangazi yake, na sasa mwaka umepita akipakia mizigo kwenye bohari kwa dola 18 kwa saa. Anataka kusomea biashara, ile digrii ya miaka miwili wanayoiita asosieti. Kuna chuo cha binafsi ambacho kimekuwa kikimpigia simu mpaka kazini. Ada yote ni dola 38,000. Wamempangia hivi: mkopo wa serikali dola 12,000, mkopo wa benki dola 18,000 kwa riba ya asilimia 11 shangazi akiwa mdhamini, na 8,000 zilizobaki nitoe mimi. Nina ploti Kamulu na mteja ameshafika Sh1,050,000. Mke wangu anasema tuuze, elimu haiozi. Mimi usiku silali. Je, masomo haya yatarudisha pesa?

Baba Kendi, Kariobangi

JIBU

Baba Kendi, usiuze. Naanza na hilo kwa sababu mteja wa ploti hasubiri jarida litoke.

Nilikaa miaka 22 kwenye meza ya mikopo ya SACCO moja hapa mjini, na katika barua yako kilichonishtua si hizo dola 38,000. Ni neno “mdhamini”. Nimeona wanachama wakikatwa akiba ya miaka kumi kwa sababu ya shemeji aliyebadilisha namba ya simu. Kwenye mikopo ya benki za huko mambo ni hayo hayo: Kendi akishindwa kulipa, benki inamdai shangazi kana kwamba ndiye aliyekwenda darasani. Kabla hujawaza kuhusu ploti, mpigie dada yako umuulize kama amelielewa hilo, au ameambiwa tu kwamba ni saini ya kawaida.

Sasa tuchukue kalamu. Mkopo wa serikali wa dola 12,000, kwa riba ya asilimia 6.39 waliyotoza wanafunzi wa digrii mwaka wa masomo wa 2025/26, ukilipwa kwa miaka kumi ni kama dola 136 kwa mwezi. Ule wa benki wa 18,000 kwa asilimia 11 ni dola 248. Jumla 384 kwa mwezi, yaani 4,608 kwa mwaka. (Msipime haya kwa HELB, bodi yetu ya mikopo ya wanafunzi, na riba yake ya asilimia 4. Hawa ni watu wengine kabisa.)

Wizara ya elimu ya Marekani ilitunga kipimo mwaka 2014, ikakifuta 2019, ikakirudisha 2023, kwa kozi za aina hii: malipo ya deni kwa mwaka yasipite asilimia 8 ya mapato ya aliyemaliza. Wanasiasa wao wamekivuta huku na huku, lakini kwa mzazi aliyekaa na kikokotoo ni kipimo kizuri. Ili dola 4,608 ziwe asilimia 8, Kendi anatakiwa kupata 57,600 kwa mwaka. Hiyo ni karibu dola 27.70 kwa saa. Leo anapata 18. Muulize huyo wa chuo anayepiga simu: ni mwajiri gani Dallas anayemwongezea mtu karibu dola kumi kwa saa kwa sababu ya miaka miwili ya biashara ya jumla?

Na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanauliza “atalipwa ngapi akimaliza?” Swali ni ataongezewa ngapi juu ya anacholipwa sasa. Mshahara wa bohari anao tayari bila kukopa senti. Takwimu za serikali yao za mwaka 2023 zilionyesha kwamba mfanyakazi wa kati (nusu ya wenzake hupata zaidi yake, nusu pungufu) mwenye asosieti alipata dola 1,058 kwa wiki, na aliyeishia sekondari 899. Tofauti ni 159 kwa wiki, au 8,268 kwa mwaka kabla ya kodi. Deni likishachukua 4,608, inabaki 3,660, na kodi haijagusa. Halafu kumbuka kwamba ndani ya hiyo 1,058 wamo wauguzi waliosoma asosieti, watu ambao mshahara wao unajulikana kuwa mzuri. Biashara ya jumla haina leseni wala koti jeupe, kwa hiyo mimi nisingemwekea Kendi hata hiyo 159 yote.

Mkeo anasema elimu haiozi. Mwambie namheshimu, lakini cheti huoza. Mwaka 1998 nilijiunga na masomo ya jioni ya diploma ya biashara kwenye chuo kimoja cha ghorofani, juu ya duka la dawa katikati ya jiji. Nililipa kwa mkopo wa chama. Siku ya mtihani ilipokaribia tukagundua kwamba chuo hakikuwa kimetusajili KNEC, baraza la mitihani. Nililipa lile deni la chama miezi kumi na minne, nikisomea tena mahali pengine kuanzia ukurasa wa kwanza.

Huko kwao ubovu wa namna hiyo hujitokeza mtu anapotaka kuendelea. Asosieti ya biashara ina thamani kubwa zaidi inapokuwa nusu ya kwanza ya digrii ya miaka minne. Lakini mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanaohama kutoka vyuo vya binafsi vinavyofanya elimu kuwa biashara ya faida kwenda vyuo vya umma hupoteza asilimia 94 ya masomo waliyokwishafanya. Hujasema chuo cha Kendi ni cha faida. Kumfuata msichana kwa simu mpaka kazini kunanifanya nishuku. Achunguze hilo kwanza.

Njia ninayoiona mimi ni chuo cha jamii, kile cha umma cha kaunti yao. Kwa mkazi, ada ya vyuo hivyo kwa wastani ni kama dola 4,000 kwa mwaka, ikizidi kidogo. Majimbo mengi hutaka uwe umekaa humo mwaka mzima ili uhesabiwe mkazi, na Kendi ameshautimiza. Kwa kuwa ana grini kadi, anaruhusiwa kuomba misaada ya serikali kuu kwa fomu ya FAFSA, na humo kuna ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu mwaka wa 2025/26 kilikuwa dola 7,395.

Kuna jambo linalokuhusu wewe hapo. Kendi hajafika miaka 24, na kama hajaolewa wala hana mtoto anayemlea, fomu itamhesabu kuwa yuko chini ya wazazi wake, hata kama wazazi wako Kariobangi. Itadai mapato yako, yageuzwe kuwa dola. Unaweza kufungua akaunti yao bila kuwa na namba ya usalama wa jamii ya Marekani. Najua mafundi: mtu akiulizwa mapato huwa anakuza kidogo ili asidharauliwe. Hapa andika ukweli, Baba Kendi. Gesi, vyuma na kodi ya kibanda vikishatoka, kinachobaki kwa dola ni kidogo, na udogo huo ndio utakaomlipia binti yako ada. Ndiyo maana nasema umechangia tayari kuliko ploti.

Aulize pia kazini. Sheria ya kodi ya huko inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na kampuni kubwa za bohari nyingi zina mpango huo. Wengi hawauchukui kwa sababu hawakuuliza.

Kuhusu kozi yenyewe, ningemsukuma aelekee uhasibu kuliko “biashara” tu, maana anayeweza kufunga vitabu vya mwezi huonekana tofauti na anayeweza kuzungumzia uongozi. Na akijiandikisha aangalie herufi. A.A. au A.S. kwa kawaida hutengenezwa ili mtu ahamie chuo kikuu. A.A.S. hutengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini moja kwa moja, na masomo yake mengi yanaweza kukataliwa mbele.

Akibaki na pengo dogo, achukue ule mkopo wa serikali peke yake, kwa kiasi anachohitaji. Hizo 12,000 ni dari ya miaka miwili kwa mwanafunzi wa hali yake, 5,500 na kisha 6,500. Si lazima aifikie. Wa benki asiuguse, na shangazi aifunge kalamu yake.

Akikupigia Jumapili, mwambie afungue tovuti ya serikali inayoitwa College Scorecard, ni ya bure. Aandike jina la chuo kinachompigia simu, atafute kozi ya biashara, akusomee namba mbili: deni la kati na mapato ya kati ya waliomaliza. Kisha afanye vivyo hivyo kwa chuo cha jamii. Ziandike nyuma ya kalenda, mama yake akiwa amekaa hapo. Na mteja wa Kamulu akipiga tena, mwambie bei imepanda.