Maswali Yenu: Mbona Hilma af Klint hatukumjua mapema?

SWALI: Dada shikamoo. Mi nina miaka 24 nachora chora nyumbani. Juzi rafiki kanirushia kwenye simu picha moja imejaa maduara na kama maua hivi, kasema ni ya 1907, ya mama mmoja wa Sweden anaitwa Hilma af Klint. Sasa mi najua Kandinsky ndo alianzisha hizi picha zisizo na sura ya kitu chochote. Yupi alitangulia? Na kama huyu mama alikuwa mkali hivo mbona hatajwi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ukiangalia tarehe huyu mama katangulia, Kandinsky mwenyewe alidai picha yake ya kwanza ya namna hiyo ni ya 1911, wakati Hilma alianza zake 1906 akiwa na miaka 44. Na usidhani alikuwa anabahatisha eti kwa sababu hajui kuchora mtu, huyu alisoma chuo cha sanaa cha kifalme pale Stockholm kuanzia 1882 mpaka 1887, alikuwa anauza picha za mandhari na sura za watu ndo anapata hela ya kula, kuna kipindi alichora hata vielelezo vya taasisi ya tiba ya mifugo.

Zile zisizo na sura ya kitu ndo alizifungia. Aliandika kwamba zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kufa kwake, aliona watu wa wakati wake hawajawa tayari kuzielewa. Alifariki Oktoba 1944 baada ya ajali ya tramu, akamwachia mtoto wa kaka yake, Erik, afisa wa jeshi la majini, kazi zaidi ya 1,200 na daftari zenye kurasa kama 26,000. Na hapa ndo panaponiuma, maana 1970 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Stockholm yalipewa hizo picha yakazikataa. Yani miaka 20 aliyoomba ilishapita na bado mlango ukafungwa! Watu wengi walianza kuziona 1986 kwenye maonyesho kule Los Angeles, na alipofanyiwa maonyesho kwenye makumbusho ya Guggenheim ya New York 2018 hadi 2019 waliingia watu zaidi ya 600,000. Kwa hiyo vitabu vingi vya zamani havina jina lake kwa sababu waandishi hawakuwahi kuziona hizo picha, sio kwamba alishindanishwa na wenzake akashindwa.

SWALI: Nasikia alikuwa anaongea na mizimu, ni kweli au wanamchafua tu?

JIBU: Ni kweli, kaandika mwenyewe. 1896 yeye na wanawake wenzake wanne waliunda kikundi wakakiita De Fem, yani Watano, wanakaa wanasali halafu wanaita roho, na anasema roho moja ndo ilimpa kazi ya kuchora picha za hekalu, yani mfululizo wa hizo picha zisizo na sura ya kitu, za kuwekwa kwenye hekalu alilokuwa analiwazia. Mdogo wake Hermina alifariki 1880 akiwa mtoto wa miaka 10, na msiba kama huo haumuachi mtu kama alivyokuwa. Ila naomba tuwe wa haki jamani, mchoraji mwingine, Mondrian, naye 1909 alijiunga na Wateosofia, yani chama cha watu wanaotafuta siri za Mungu na roho, Kandinsky alisoma sana mambo ya roho, na wote wawili wanaitwa wakubwa bila mtu kuwacheka. Kwa Hilma tu ndo inageuzwa sababu ya kusema hiyo sio sanaa.

SWALI: Zile kubwa alizichoraje peke yake?

JIBU: Hizo ni zile zinazoitwa Kumi Kubwa, sehemu ya hizo picha za hekalu, kila moja ina urefu wa zaidi ya mita 3 na upana zaidi ya mita 2, zinaonyesha maisha ya mtu toka utoto mpaka uzee. Ni karatasi zilizobandikwa kwenye turubai, rangi yake ni ile ya kuchanganya na yai inayokauka chap chap, na alikuwa anazilaza chini sakafuni anachora kwa kuinama. Zote kumi alizimaliza kwa miezi kama miwili tu mwishoni mwa 1907. Mwaka uliofuata mama yake akawa kipofu, Hilma akaacha huo mradi amuuguze, ikapita kama miaka minne. Alirudi 1912 akaendelea alipoishia, na 1915 alipoweka brashi chini picha za hekalu zilikuwa zimefika 193.