Mwanangu, tembea, ila ndoo muachie mumeo

Mwanangu mpenzi, hujambo wewe na huyo aliye tumboni. Huku Uyole tuzima, baridi ndo imeanza kuuma. Ile voisi uliyonitumia nimeisikiliza yote, unauliza kama kweli kutembea jioni na hayo mazoezi unayofanya vitamdhuru mtoto, maana mama mkwe wako amekwambia utulie ndani, mtoto atazaliwa mdogo au kitovu kitamzunguka shingoni, afu jirani nae anakwambia yeye alilima viazi mpaka siku ya uchungu na hakikutokea kitu. Sasa umshike nani.

Mama mkwe wako usibishane nae, anaogopa kwa sababu anakupenda. Ila kitovu kinazunguka kwa vile mtoto mwenyewe anageuka geuka humo ndani, sio kwa vile mama kanyoosha mikono au katembea. Leba nilikofanya kazi miaka yote ile tumepokea watoto wengi tu wakiwa nacho shingoni, mara nyingi mkunga anakipitisha juu ya kichwa kwa kidole na mtoto analia vizuri. Na suala la kuzaliwa mdogo, mazoezi ya kawaida kwa mama ambae mimba yake haina shida hayamfanyi mtoto azaliwe njiti wala chini ya kilo 2.5, yamechunguzwa sana hayo. Yanachopunguza ni sukari ya mimba na presha ya mimba, na hivyo viwili ndo vinatutesa, maana sukari ikipanda mtoto ananenepa kupita kiasi, anakwama mabega wakati wa kutoka, afu akishazaliwa sukari yake yeye inashuka ghafla. Presha nayo inamnyima mtoto damu kwenye kondo, hapo ndo unapata kale katoto kadogo mama mkwe anakokaogopa.

Ila huyo jirani nae usimfuate. Watu wetu wanachanganya sana hapa, wanaona mama akichoka basi kafanya mazoezi. Kulima kutwa umeinama, kubeba ndoo ya lita 20 kichwani (hizo ni kilo 20 mwanangu!), kusimama sokoni toka asubuhi mpaka jioni, hiyo ni kazi nzito, na kazi nzito ya kila siku haina faida hiyo ninayokwambia, wengine inawaletea uchungu kabla ya wakati. Nimewaona wengi wakiletwa kutoka shamba mimba haijafika. Yeye alipona, tumshukuru Mungu, wewe maji akuchotee mumeo.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki kwa mjamzito asie na tatizo, yaani nusu saa siku tano, na unaweza kuzikata kata, dakika kumi kumi. Kipimo chako ni mdomo. Ukiwa unatembea nipigie simu tuongee, kama unamaliza sentensi vizuri endelea, kama maneno yanakatika katikati punguza mwendo. Tembea huko juu Gangilonga kwenye njia zilizo tambarare, ule mlima wa Ipogolo usiupande kwa miguu sa hivi, na mvua ikinyesha baki ndani, wiki 30 hizi tumbo linakuvuta mbele na viungo vimelegea, ukiteleza kwenye tope huwezi kujizuia. Siku hiyo shika mgongo wa kiti, panua miguu usawa wa mabega, shuka taratibu kama unataka kukaa, panda huku unatoa pumzi, usibane pumzi kabisa. Mazoezi ya kulala chali acha, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa wa damu, unapata kizunguzungu na mtoto anapungukiwa damu, lalia ubavu. Na ofisini inuka kila baada ya muda, hata kwenda dirishani na kurudi, miguu isivimbe.

Sasa nisikilize hapa. Ukiona damu, maji yanachuruzika, tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, kifua kinabana, mguu mmoja umevimba na unauma, au mtoto kapunguza kucheza, hapo hakuna cha mazoezi wala cha kusubiri mume atoke kazini, panda gari nenda hospitali. Pia wakikwambia kondo limekaa chini au una presha, basi mazoezi haya yote yaweke pembeni mpaka daktari aseme.

Mtoto anakuja mwezi wa saba, na Iringa mwezi wa saba unaijua. Akitoka akaushwe, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, afunikwe, anyonye ndani ya saa moja, yale maziwa ya kwanza ya njano asiyamwage mtu yeyote hata kama ni bibi yake. Kuogeshwa kusubiri saa 24, katoto kanapoteza joto haraka sana. Ukijifungua kawaida utaanza kutembea taratibu mwenyewe, na mazoezi mepesi hayaharibu maziwa, ukipasuliwa tutasubiri wiki kadhaa, nitakuja mimi kukaa na wewe.

Kitu kimoja hujaniambia, damu yako ni ngapi, kile kipimo cha wingi wa damu (HB) wanachokuandikia kliniki? Chini ya 11 ni pungufu, chini ya 7 ni hatari na mazoezi hapo ni marufuku. Vile vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, chai inazuia visifanye kazi, kunywa na maji au juisi ya chungwa. Ukienda kliniki wiki ijayo wapime tena, afu unipigie picha ya kadi ukurasa wa vipimo, uitume usiku huo huo.

Mama yako