Kabla ya kwenda Bogoria, shika tope la mikoko

Wadogo zangu wa Lamu mnaoingia maabara ya vijidudu, najua kinachowavuta: bakteria wa maji ya volkano, wanaovuta salfa pale sisi tunapovuta hewa. Wengi hudhani kazi ngumu ni joto. Joto mashine italileta. Kinachotoa watu jasho ni oksijeni.

Mchukueni Desulfurella acetivorans, aliyetangazwa mwaka 1990 kutoka Kamchatka, Urusi. Hustawi kwenye nyuzi 55 hivi. Hula asetati, chumvi ya asidi ya siki, na kuzitua elektroni zake kwenye salfa, ikatoka haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Hewa ikipenya chupani, hakui. Ndiyo maana tunatia rezazurini, rangi inayofichua oksijeni: maji yakiwa ya waridi, oksijeni ingalimo, usipandikize mpaka rangi iondoke.

Salfa nayo ina inda. Huyeyuka karibu na nyuzi 115, na otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu, hufika 121, kwa hiyo unga wako mwororo utatoka umeganda madonge. Ipashe kwa mvuke wa nyuzi 100, siku tatu mfululizo, ili mbegu za vijidudu zilizosalimika leo zichipue na kufa kesho. Inachosha, lakini njia ya mkato sijaiona.

Tena msichanganye anayevuta salfa na anayeila. Sulfolobus, aliyeelezwa na Brock na wenzake mwaka 1972, ni arkea, kundi la vijidudu lisilo la bakteria, huunguza salfa kwa oksijeni. Huyo ukimfungia hewa umemuua.

Mazoezi yako mlangoni. Maji yakipwa, ingia mikokoni uchote lile tope jeusi. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, kazi ya bakteria wanaovuta salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo baharini. Hawataki moto, ila oksijeni inawakera vilevile. Jaza chupa mpaka shingoni, funga hapo hapo, usisubiri kufika nyumbani.

Pua msiifanye kipimo. Gesi hii ikizidi huua uwezo wa kunusa, na anayesema harufu imekwisha huenda ndiye aliye hatarini. Chupa zifunguliwe kwenye kabati la kuvuta hewa, na usiwe peke yako.

Mkono ukishazoea, ombeni kibali cha utafiti NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mwende chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria. Maji ya kule ni ya magadi, kwa hiyo msibebe chakula cha vijidudu kilichotengenezwa kwa ajili ya chemchemi za tindikali.