Maswali ya Wasomaji: Picha za Karatasi

Nilipiga picha za harusi ya mdogo wangu kwa simu. Kwenye simu zinang'aa, lakini zilipotoka studio nyuso zilikuwa nyeusi ti, na vilemba vya akina mama waliosimama nyuma vimekatwa. Studio wamekosea? — Msomaji, Morogoro

Huenda hawajakosea. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe. Karatasi hutegemea mwanga unaoiangukia, kwa hiyo picha ileile hufifia ikichapwa. Tena gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopotea. Kabla ya kusafisha, ihariri picha kwenye simu: ongeza mwanga wa sehemu zenye kivuli tu. Ukiongeza wa picha nzima, maua ya gauni yatafutika. Safisha moja kwanza, itazame karibu na dirisha mchana, ndipo uagize zilizobaki.

Vilemba vimeondoka kwa sababu ya vipimo. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ili karatasi ijae, picha ya kulala (yenye upana kuliko kimo) hupoteza sehemu moja kati ya tisa ya kimo chake. Acha nafasi juu ya vichwa unapopiga, au omba ichapwe nzima, yenye ukingo mweupe kushoto na kulia. Ukingo huo unapendeza kuliko wengi wanavyodhani.

Na ukiituma studio kwa WhatsApp, itume kama faili la hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa: kwa inchi 4 kwa 6 utavumilia, kwa A4 utaona ukungu. Kipimo kizuri ni nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1,200 kwa 1,800 kwa picha ndogo.

Picha ya zamani ya marehemu baba imenata kwenye kioo cha fremu. Niibandue vipi? — Msomaji, Tanga

Usiivute, tafadhali! Unyevu wa pwani hulainisha jelatini, yaani utando mwembamba ulio juu ya picha, nayo ikikauka hushika kioo kama gundi. Ukivuta, uso wa baba utabaki kwenye kioo.

Kwanza ipige picha juu ya kioo hichohicho, kando ya dirisha, bila flashi. Hiyo ndiyo akiba yako. Kama ilisafishwa kwa dawa enzi za filamu, unaweza kuilaza pamoja na kioo kwenye sinia la maji safi ya baridi. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka iteleze yenyewe. Ianike kivulini, uso juu. Lakini kama imechapwa kwa printa ya wino, au imepakwa rangi kwa mkono, isiguse maji kabisa: iache kwenye kioo chake na usafishe nakala mpya. Hiyo mpya itenganishe na kioo kwa kadi nene iliyokatwa dirisha katikati.

Nataka kumpelekea bibi albamu kijijini. Ichukue picha ngapi, na niandike nini nyuma? — Msomaji, Machakos

Ishirini hadi thelathini zinatosha. Bibi atazishika moja moja. Chagua albamu ya mifuko, siyo ya kurasa za gundi, maana gundi hugeuka njano na picha hazitoki tena. Zilizochapwa kwa wino ziache zikauke siku nzima kabla ya kuziingiza.

Nyuma andika majina kamili kuanzia kushoto, mahali na mwaka. "Shangazi" peke yake haitamsaidia kitukuu. Tumia penseli laini karibu na ukingo, juu ya meza ngumu. Kalamu ya bik huacha alama upande wa uso. Penseli ikiteleza kwenye karatasi ya plastiki, tumia kalamu nyembamba ya wino usiofutika, uiache ikauke.

Zile zenye watu wengi safisha mbilimbili. Jirani akijiona humo ataiomba, na bibi hatataka kumnyima.